TUSIDAI DENI LA BABA KWENYE BAKULI LA MTOTO



Safari hii nafasi ya maoni kwenye ubao huu nimeiomba mimi Katibu wenu. Haya ni maoni yangu, si tamko la Chama wala la Kamati. Nataka tuseme habari ya sufuria ya shule.

Wote mnajua tulikotoka. Mkutano mkuu ulikubali kila mzazi atoe mahindi na maharage ili watoto wapate makande mchana. Wengi walitoa, wengine hawakutoa. Basi mwaka jana tukaamua, na mimi nikiwapo na mkono nikanyoosha, kwamba mtoto wa asiyetoa asile. Orodha ya majina iliyobandikwa pale jikoni niliiandika mimi. Mwandiko ni huu huu mnaousoma.

Siku ile ile nilipita shuleni saa za kula. Watoto wamepanga mstari, na pembeni chini ya mwembe wamesimama wengine, hawachezi, wanatazama. Nikamwuliza mmoja wa kike, wa darasa la pili, bakuli lake kalikumbatia kifuani, mbona hali. Akanijibu, "Shikamoo babu, mie nimeshiba." Jamani, mtoto yule ametoka nyumbani alfajiri. Ameshibia wapi? Nani kamfundisha kusema uongo wa heshima namna ile kama si sisi wazee wake?

Niliondoka pale nikaenda zangu nyumbani. Orodha sikuitoa, nilikuwa naogopa kuonekana kigeugeu. Leo ndiyo nasema.

Wengi mnanifahamu kama mtu wa ngumbaru. Ni kweli, kusoma nimekujua ukubwani, katika darasa la jioni, na kitu cha kwanza nilichojisomea mwenyewe kilikuwa risiti ya tumbaku yangu. Watu hudhani shule niliiacha kwa utukutu. Niliandikishwa mwaka 1978, mwaka mmoja tu baada ya Serikali kutangaza elimu kwa watoto wote, na nikaacha nikiwa darasa la tatu. Shule ilikuwa mbali, nyumbani tulikuwa tunakula jioni. Ikifika saa tano maneno ya mwalimu yanakuwa kama nyuki masikioni. Nikachapwa kwa kusinzia, nikachapwa tena, nikaona ng'ombe afadhali. Hakuna aliyenifukuza, ndugu zangu, njaa ndiyo iliyonitoa. Na kinachonishangaza hadi leo ni kwamba mama yangu mwaka 1975 alikuwa katika kikundi cha redio cha ile kampeni ya "Chakula ni Uhai", wanakaa chini ya mti wanasikiliza na kujadiliana. Somo walilijua. Kilichokosekana ni sufuria pale shuleni.

Sasa sisi ni watu wa Unyamwezi. Babu zetu walijulikana kwa kubeba mizigo kutoka hapa Unyanyembe mpaka Bagamoyo, miezi mitatu njiani, pembe za frasila mbili begani. Hakuna mpagazi aliyenyanyua mzigo bila posho. Alipewa kitambaa cha merikani au shanga, akanunulia chakula vijijini njiani, na wapagazi walijigawa makambi, watu wa kambi moja wanapika na kula pamoja. Tajiri wa msafara hakufanya vile kwa huruma, alijua mzigo hautafika. Leo tunambebesha mtoto begi la madaftari, anatembea saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, halafu posho yake tunaibishania mkutanoni.

Na wale ndugu wanaopenda kujivuna kila mara kwamba Mwalimu Nyerere alisoma hapa Tabora tangu mwaka 1937, wasisahau kwamba ile ilikuwa shule ya bweni. Bweni lina jiko.

Nimekaa na mwalimu wa hesabu tukapiga. Siku za masomo kwa mwaka ni 194. Tukimpimia mtoto gramu 100 za mahindi na gramu 30 za maharage kila siku, mwaka mzima anakula kilo 19 na nusu hivi za mahindi, yaani debe moja na ziada kidogo, na maharage kilo 6. Basi. Hilo ndilo linalotugombanisha. Debe moja! Kwenye ngoma za mavuno tunakunywa zaidi ya hapo, na hapo mimi pia najihesabu.

Najua watasema, "Katibu, Serikali imesema elimu ni bure." Tuelewane hapa vizuri. Waraka uliotolewa 2015 na kuanza kazi Januari 2016 uliondoa ada. Haukumwondolea mzazi kazi ya kumlisha mwanawe. Tena Januari 2018 Hayati Rais Magufuli alipokataza michango shuleni, shabaha ilikuwa mtoto asirudishwe nyumbani na mwalimu asigeuke mtoza fedha. Baadhi yetu tukalichukua neno lile tukajifichia ndani yake kama fuko. Lakini tukilisoma sawasawa linatuhukumu hata sisi tuliotoa, maana kumnyima mtoto chakula kwa sababu ya mchango ni mlango ule ule wa kumrudisha nyumbani. Mimi nilirudi hivyo hivyo, taratibu, bila barua.

Kwa hiyo nashauri mambo yafuatayo yafikiriwe. Sufuria tuihamishie kwenye ushirika. Siku ya malipo ya tumbaku, katika makato yale yale tuliyoyazoea ya pembejeo, liwepo kato moja dogo kwa kila kilo, kiasi chake kipangwe na wanachama wenyewe. Fedha hiyo inunue mahindi wakati wa mavuno bei ikiwa chini, si Januari wakati debe limepanda. Asiyelima tumbaku alete debe lake, au asali, au karanga. Asiye na kitu alete kuni na maji. Bibi anayelea wajukuu wanne peke yake asiletewe orodha kabisa. Na watoto wote wale. Wote.

Vyama vya ushirika duniani, vilipokutana Manchester mwaka 1995, viliongeza kanuni ya saba, ya kujali jamii. Chama chetu cha msingi kanuni tunazitaja kila mkutano mkuu, mpaka ya sita tunaenda vizuri, ya saba tunaipita haraka tukimbilie soda.

Kuna swali la mvivu. Mzee mmoja kaniambia, "Ukilisha wa mvivu, kesho wote tutakuwa wavivu." Sikulidharau neno lake, maana mzee huyu hutoa kila mwaka na hutoa kamili. Namjibu hivi: mdaiwa tumdai. Tumdai kwenye mzani, tumdai kwenye mkutano mbele ya watu wazima wenziwe, asipewe nafasi ya uongozi mpaka alipe. Yeye ana mdomo wa kujitetea na ana jembe la kulipia. Mtoto hana hata kimoja.

Swali gumu zaidi ni la uaminifu, na hapa siwezi kuwalaumu wanaonuna. Wazee wanakumbuka vyama vikuu vilivyovunjwa Mei 1976 na kurudishwa kwa sheria ya 1982. Waliokuwa na fedha zao huko wanajua walichopata na walichokosa. Hata baadaye tumeonja makato ambayo hatukuelezwa yalikwenda wapi. Hivyo ghala la chakula liwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mama aliyechaguliwa na akina mama, mwingine kwa kamati ya shule. Kilichoingia na kilichopikwa kiandikwe hapa hapa ubaoni kila Jumamosi, kwa debe na kwa kilo, hata mtoto wa darasa la nne aweze kujumlisha na kutukosoa. Viongozi tusishike funguo, na mimi nikiwamo.

Nitaongeza moja ambalo halitapendwa. Msimu wa kuchambua tumbaku wapo wazazi wanaowabakiza watoto bandani wafanye kazi ya majani, halafu mkutanoni wanasema sufuria haina faida kwa sababu watoto wao hawapo shuleni. Ndugu, hilo ni la kwako, usilitwike sufuria.

Ile orodha ya jikoni nimeibandua jana jioni. Sikuomba ruhusa ya Kamati, na kama ni kosa nitaitwa nijibu. Mahindi yaliyobaki ghalani mpishi anasema yatatosha wiki mbili kama wote watakula, wiki tatu kama tutaendelea na orodha. Mkutano ni Jumamosi ijayo saa nne, ofisi ya ushirika, karibu na mzani. Aliye na hoja ya kunipinga aje nayo, na akiweza aje na debe.

Katibu wa Tawi