Nairobi, Acheni Makaa Yetu, Pikeni kwa Stima Yetu

Kila wiki naona wasee wa Nairobi na Mombasa wakiposti kuhusu mazingira. Mirija ya karatasi, chupa za plastiki, picha za kupanda miti. Sawa, si mbaya. Lakini sijaona mtu akiuliza maharagwe ya jana jioni yalipikwa na nini. Mimi niko Bura, Tana River, na huku jibu tunalijua. Mengi yalipikwa na miti yetu.

Kaa kando ya barabara ya Garissa–Hola–Malindi usiku uone malori. Makaa hayaliwi Bura yote, jameni. Mnunuzi ni mji.

Sasa sikiza hesabu. Tanuri la udongo la kienyeji linakula zaidi ya kilo 5 za kuni, mara nyingi hata 8, kutoa kilo 1 ya makaa. Kwa hivyo gunia la kilo 40 limemeza zaidi ya kilo 200 za mti kabla halijapakiwa kwa lori. Moshi wa tanuri una kaboni na methani, na huo wote umeachwa huku kwetu. Wewe mjini unaona jiko linawaka jekundu bila moshi unadhani ni safi. Na hata hapo si safi: ukilala na jiko la makaa ndani ya chumba kimefungwa, hewa yake haina harufu na inaua. Kila msimu wa baridi tunasikia habari hizo.

Kitu kinachoniuma zaidi ni hiki. Kabla Mto Tana haujafika kwetu, unapitia mabwawa matano ya Seven Forks: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kwa jumla mitambo yake ina uwezo wa takriban megawati 600. Ongeza mvuke wa Olkaria, upepo wa Ziwa Turkana na jua, na karibu uniti 9 kati ya 10 za stima ya Kenya zinatoka kwa vyanzo safi. Nchi nyingi tajiri hazijafika hapo. Halafu stima hiyo safi tunaifanyia nini? Tunachaji simu, tunawasha TV, kisha tunaenda dukani kununua mkebe wa makaa. Mto wetu unawapa mwanga na miti yetu inawapa ugali. Sisi tunabaki na ukame, na mvua ikizidi kule juu, mafuriko kama yale ya 2023 na 2024.

"Lakini stima ni ghali." Hii ndiyo naisikia kila mahali. Ilikuwa kweli kwa ile koili ya zamani inayozungusha mita kama feni. Sufuria ya presha ya stima ni kitu kingine. Imefunikwa, joto halitoki, na ikishafika presha inajizima na kujiwasha yenyewe. Maharagwe yanaiva kwa kama nusu uniti. Hata ukihesabu uniti kwa shilingi 30 na ushuru ndani, hiyo ni kama shilingi 15. Bei ya mkebe wa makaa pale kwenu unaijua mwenyewe, na unajua maharagwe yanamaliza makaa kiasi gani. Chuo niliacha, lakini hesabu hii haihitaji digrii.

Sisemi utupe kila kitu. Chapati pikia gesi. Anza na vyakula vya kuchemka muda mrefu: maharagwe, githeri, matumbo, nyama ngumu. Hivyo ndivyo vinamaliza makaa. Pika mchana au usiku sana, si saa moja jioni wakati kila mtu amewasha na mitambo imelemewa. Usiku wa manane kuna mvuke wa Olkaria unaachiliwa hewani tu kwa sababu hakuna wa kutumia stima. Kama huwezi kununua sufuria sasa, angalau weka jiko lenye udongo ndani, lile lililoanza kusambaa Kenya miaka ya 1980. Linapunguza makaa kwa theluthi au zaidi. Na balbu ya LED ya wati 8 inatoa mwanga kama ile ya zamani ya wati 60. Ukinunua friji, angalia stika ya nyota.

Najua kikwazo si wewe peke yako. Ploti nyingi landilodi hataki kuona kitu cha kupikia cha stima, kwa sababu mita ni moja na bili iko ndani ya kodi. Nyaya nazo ni za kuombea. Hapa ndipo serikali za kaunti ziamke: mita kwa kila nyumba na nyaya zilizokaguliwa. Kwa afya ya watu wa mjini na kwa misitu yetu, hiyo inasaidia kuliko hotuba kumi.

Na tafadhali, msituletee marufuku tena. 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti kwenye misitu, na Kitui chini ya Gavana Charity Ngilu ikapiga marufuku biashara ya makaa. Bei ikapanda mjini, lakini watu hawakuacha kupika. Jiko la mjini lisipobadilika, lori linabadilisha njia tu, na mchomaji anaanza kulipa hongo badala ya kodi. Hata sasa yeye ndiye anabaki na pesa kidogo kuliko dalali na mwenye lori.

Kuna watu wataniambia nataka kuwanyima kazi vijana wenzangu wa Bura. Hapana. Mathenge ililetwa hapa miaka ya 1980 ili walowezi wa skimu ya umwagiliaji wapate kuni. Sai imevamia malisho na mifereji, na serikali yenyewe ilishaitangaza gugu hatari mwaka 2008. Ukiikata inachipuka. Wapeni vijana leseni za kuchoma mathenge pekee kupitia vyama vyao, kwa matanuri bora, na muache mgunga na mkwaju. Mathenge inaweza kulisha soko dogo la makaa. Haiwezi kulisha Nairobi nzima, na hakuna mti unaoweza.

Kwa hivyo kama uko Umoja, Kayole au Kisauni na mko watu watatu kwa nyumba moja, changeni mnunue sufuria moja, hata kwa lipa mdogo mdogo. Andikeni mita kabla na baada ya kupika maharagwe. Mkipata kuwa makaa ni rahisi, niambieni niko wrong. Mkipata ni stima, waonyesheni mama zenu hiyo namba.