Je, Mbwa Hufukia Kinyesi Chake?

Niliwahi kuwauliza wanafunzi wa kidato cha pili mkoani Mbeya sababu ya mbwa kuparura ardhi baada ya kujisaidia. Walijibu kwa sauti moja: afukie uchafu wake. Mwalimu wao alitikisa kichwa kukubali. Nami katika umri wao ningejibu vivyo hivyo.

Jibu hilo lapingwa na macho yetu wenyewe. Paka hugeuka, akanusa, akakifunika kinyesi kwa mchanga. Mbwa hageuki. Husogea hatua moja au mbili, akautupa udongo nyuma kwa nguvu, aghalabu pembeni, na kinyesi kikabaki wazi palepale. Ikiwa nia yake ni kufukia, basi hakuna mnyama mzembe kumshinda.

Yaelekea mbwa anatangaza. Michirizi ya kucha huonekana na mbwa apitaye. Tena katika nyayo zake mna tezi, na harufu yake hudhaniwa kubaki katika udongo uliochimbuliwa. Mwaka 1979 Marc Bekoff wa Marekani alikieleza kitendo hiki kuwa ishara yenye sehemu zaidi ya moja. Wala ujumbe wa namna hii si jambo geni kwetu: katika Hifadhi ya Ruaha, mkoani Iringa, wamo mbwa mwitu, ambao dume kiongozi wao hukojoa juu ya mkojo wa jike wake, majirani wapate kujua kwamba eneo lina wenyewe.

Wako watakaosema haya ni mambo madogo. Sikubaliani nao. Kinyesi cha mbwa huweza kuwa na mayai ya minyoo, na mayai hayo hudumu udongoni kwa miezi mingi, mahali watoto wachezapo. Mzazi aaminiye kwamba mbwa amekwisha kufukia hatachukua jembe.

Zaidi ya hayo, kosa hili lingeweza kusahihishwa bila senti moja. Shule isiyo na darubini haikosi mbwa wa jirani. Mwalimu na awape wanafunzi daftari, wahesabu matukio ishirini: mbwa alikuwa dume au jike? Peke yake au mbele ya wenzake? Udongo uliangukia wapi? Kinyesi kilifunikwa? Kisha waulizwe tena lile swali, na safari hii mwalimu asitikise kichwa kabla ya kuyaona madaftari.