Kuacha gari pembezoni mwa jiji: je, foleni inapungua?

Kila foleni ya Dar es Salaam inapozungumzwa, kuna pendekezo moja ambalo halikosi kutajwa: yajengwe maegesho makubwa pembezoni mwa jiji, wenye magari wayaache huko, kisha waingie mjini kwa basi au treni. Ukilisikia mara ya kwanza, unaona ni jambo jepesi. Lakini je, linafanya kazi? Na wewe msikilizaji wetu uliye kijijini, ambaye huenda huna gari kabisa, linakuhusu nini?

Linakuhusu kuliko unavyodhani. Ardhi ya pembezoni mwa jiji ni ya mashamba na vijiji. Barabara inayoelekea huko ndiyo hiyo unayopita ukipeleka mgonjwa Muhimbili au mzigo Kariakoo. Na basi unalopanda ndilo la kwanza kuguswa mipango ya aina hii inapoanza. Katika makala haya tunaeleza wazo lenyewe, lilivyokwenda mahali lilikojaribiwa, na jinsi linavyoonekana hapa kwetu.

Wazo lilianzia wapi

Mji wa Oxford, Uingereza, ni miongoni mwa miji ya mwanzo kulifanya wazo hili kuwa mpango wa kudumu, tangu mwaka 1973. Ni mji wa zamani, barabara zake za katikati ni nyembamba, na kuzipanua kungemaanisha kubomoa majengo yaliyosimama kwa karne nyingi. Wakaona ni afadhali magari yabaki nje. Leo Oxford ina vituo vitano vya namna hiyo vilivyouzunguka mji. Unaacha gari, unapanda basi, unaingia mjini.

Katikati ya mji watu waliona nafuu. Lakini miaka ya 1990 mtafiti wa usafiri Graham Parkhurst alianza kuuliza swali ambalo wengi hawakuwa wameliuliza. Makala yake ya mwaka 1995 ilihoji kama vituo hivi vinaweza hata kuongeza magari barabarani.

Hoja yake inaeleweka vizuri ukiwa mtu wa kijijini. Si kila aliyeacha gari lake kituoni alikuwa akiingia mjini kwa gari hapo awali. Wengine walikuwa wakipanda basi kutoka kijijini kwao hadi mjini, safari nzima. Kilipojengwa kituo chenye basi la kila dakika chache na nauli nafuu, wakaona ni rahisi zaidi kuendesha gari hadi kituoni. Kwa hiyo gari lililokuwa limelala nyumbani likaingia barabarani.

Matokeo yake ni mawili. Kwanza, magari yanapungua katikati ya mji lakini yanaongezeka kwenye barabara za vijijini zinazoelekea kituoni. Pili, basi la kijijini linapoteza abiria. Basi lenye abiria wachache hupunguziwa safari, na mwisho wake anayeumia ni yule ambaye hana gari la kupeleka kituoni.

Nafasi ikipatikana, nani anaijaza?

Kuna tatizo jingine. Tuseme magari mia tatu yamebaki nje ya mji leo. Barabara imepata nafasi. Kesho yake, mtu aliyekuwa anaogopa foleni na kuondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ataona barabara iko wazi, ataondoka saa moja. Mwingine aliyekuwa akipanda daladala atatoa gari lake. Baada ya muda nafasi ile imejaa tena.

Ndiyo maana Oxford haikuishia kwenye maegesho ya nje. Ilifanya kuegesha katikati ya mji kuwe ghali na kwa shida, na mwaka 1999 ikazuia magari ya kawaida kupita mchana katika High Street, barabara yake mashuhuri ya katikati. Kwa maneno mengine, mlango wa nje ulifunguliwa na wa ndani ukabanwa. Ukifungua wa nje tu na wa ndani ukauacha wazi, foleni hairudi nyuma.

Hesabu ya uwanja wa mpira

Tufanye hesabu ndogo. Gari moja likiegeshwa, pamoja na nafasi ya kuingia, kugeuza na kutoka, linahitaji kiasi cha mita za mraba 25. Uwanja wa mpira wa ukubwa kamili una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, yaani mita za mraba 7,140. Ukigawanya, unapata magari yapatayo 285.

Asubuhi magari mengi huwa na mtu mmoja. Basi uwanja mzima wa mpira, uliowekwa lami na kuwekewa walinzi, unatupatia watu kama 285. Basi refu la mwendokasi, lile lenye mkunjo katikati, hubeba watu wapatao 150. Maana yake ni kwamba uwanja ule wote unabeba abiria wa mabasi mawili hivi. Baada ya hapo umejaa mpaka jioni.

Hatusemi abiria hao hawana maana. Tunasema kabla ya kutwaa ekari za watu kwa ajili ya maegesho, ni vizuri kuuliza kama fedha hiyo hiyo ingenunua mabasi mangapi.

Dar es Salaam: anayeachwa nje ni nani?

Sasa tuje kwetu. Tarehe 24 Februari 2021, Rais John Magufuli alifungua kituo kikuu kipya cha mabasi ya mikoani kule Mbezi Luis, ambacho kinabeba jina lake. Kabla ya hapo mabasi ya mikoani yalikuwa yakiingia hadi Ubungo. Sababu moja ya kukihamisha kituo ilikuwa kupunguza msongamano wa Ubungo.

Tazama kilichotokea kwa jicho la hesabu. Basi lenye abiria zaidi ya hamsini, la kutoka Iringa au Tanga, ndilo linaloambiwa liishie pembezoni. Gari dogo lenye mtu mmoja, lililotoka Kibaha asubuhi ile ile, linapita mbele ya kituo na kuendelea hadi Posta. Wazo la Oxford lilikuwa mwenye gari aliache nje ili basi liingie. Hapa kwetu tumeligeuza: basi linabaki nje, gari linaingia.

Anayelipia mabadiliko hayo ni abiria. Mama anayeshuka Mbezi usiku akiwa na mtoto na gunia la mchele analipa nauli ya pili, na mzigo unapanda daladala, bajaji au bodaboda. Haishangazi kwamba mvutano kuhusu mabasi kupitiliza hadi Shekilango na Ubungo umekuwa ukijitokeza mara kwa mara.

Na foleni je? Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kibaha imepanuliwa kuwa njia nane. Lakini magari yanayoteremka huko kwa kasi yakifika Kimara yanakuta njia mbili za kwenda na mbili za kurudi, na katikati njia za mwendokasi. Foleni haikuondoka, ilibadilisha mahali pa kuanzia.

Mwendokasi wenyewe, ulioanza Mei 2016 kati ya Kimara, Kivukoni, Gerezani na Morocco, ndio ungekuwa msingi wa mpango wa kuacha magari nje. Una njia yake, hausubiri foleni. Lakini ulianza na mabasi 140, na kilio cha abiria kwa miaka mingi kimekuwa uchache wa mabasi na kusukumana vituoni. Huwezi kumwambia mwenye gari aliache Mbezi kisha asimame saa nzima akisubiri basi ambalo hata mlango haufungi. Kesho atarudi na gari lake.

Nairobi nako

Jirani zetu wamejaribu pande zote mbili. Novemba 2012 Kenya ilifungua stesheni ya Syokimau, nje kidogo ya Nairobi, ikiwa na maegesho ya magari, ili watu waingie mjini kwa treni. Hilo ndilo wazo lenyewe.

Desemba 2018, serikali ya kaunti ikazuia matatu kuingia katikati ya jiji. Watu wakateremshwa mbali na kutembea kwa miguu, wakiwemo wagonjwa na wazee, huku magari binafsi yakiendelea kuingia. Malalamiko yalikuwa makubwa, na agizo likasitishwa haraka. Somo ni lile lile: ukimzuia anayebeba wengi na kumwachia anayebeba mmoja, hujapunguza foleni, umehamisha tabu.

Lini hufanya kazi?

Kwa tulivyoeleza, maegesho ya pembezoni husaidia pale mambo haya yanapokutana:

- Yawe kabla foleni haijaanza. Mtu aliyekwisha kukaa foleni saa nzima hatashuka kwenye gari.
- Basi au treni iwe ya uhakika, ya mara kwa mara, na iwe na njia yake.
- Gharama ya maegesho na nauli kwa pamoja iwe chini ya mafuta na maegesho ya mjini.
- Kuingia na gari katikati ya mji kuwe na gharama au kizuizi.
- Kituo kihudumie pia wasio na magari: daladala za vijijini, baiskeli na pikipiki.

Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata, inatupa nafasi nzuri. Haijui foleni, na inaishia karibu na katikati ya jiji. Mtu wa Morogoro anaweza kuacha pikipiki mahali salama karibu na stesheni, akafika Dar es Salaam kwa muda usiozidi saa mbili hivi. Hapo hahitaji eneo la uwanja wa mpira, kwa sababu penye gari moja hukaa pikipiki kadhaa.

Maswali ya kuuliza mkutanoni

Kama halmashauri yenu italeta mpango wa kituo au maegesho makubwa, ulizeni haya kabla ya kuunyooshea mkono. Ardhi ni ya nani, na fidia inalipwa kabla au baada ya kuhama? Basi gani litakuwa linatoka hapo, mara ngapi kwa saa, na la mwisho ni saa ngapi usiku? Anayeshuka na mzigo atalipa nauli mara mbili? Na je, mabasi yetu ya kijijini yataendelea kama zamani?

Jibu letu kwa swali la mwanzo ni hili: maegesho peke yake hayapunguzi foleni. Kinachopunguza ni basi na treni zinazoaminika, pamoja na kizuizi kwa gari la mtu mmoja. Maegesho ni kiungo tu kati ya hivyo viwili. Ukisikia mpango unaozungumzia lami na uzio bila kutaja idadi ya mabasi, uliza zaidi.