Watoto wa Hali ya Hatari



Wapenzi wasomaji, mchele wa pishori tunaoupikia pilau siku za harusi na Idi hutoka Mwea, chini ya Mlima Kenya. Wachache wetu tunajua kwamba mashamba yale yalianza kuchimbwa katika miaka ya 1950 kwa mikono ya mahabusu, wakati Mwea ikiwa katika wilaya ya Embu. Nasi hatukulizingatia sana jambo hilo hadi tulipozuru Embu na Meru kwa shughuli za madrasa, tukakaribishwa nyumbani kwa ndugu mmoja. Mama mkwe wake, aliyesilimu ukubwani, alikuwa mtoto wa miaka minane mwaka 1954.

Kwa faida ya vijana wetu, tukumbushe. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari ili kuwakomesha wapiganaji wa Mau Mau, waliodai ardhi na uhuru. Kuanzia Juni 1954 serikali iliwahamisha kwa nguvu Wakikuyu, Waembu na Wameru kutoka majumbani mwao, ikawakusanya katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na seng'enge, ili walio msituni wasipelekewe chakula. Kufikia mwisho wa 1955 watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamehamishwa. Waume wengi walikuwa msituni au kizuizini, na wengine wamejiunga na homgadi upande wa serikali. Mzigo wa vijiji hivyo ukawaangukia akina mama na watoto.

Mama huyu alitueleza kwamba nyumba yao ilitiwa moto asubuhi. Mama yake aliokoa chungu kimoja na mtoto mchanga. Walipofika kijijini, kila siku mama alitolewa pamoja na wanawake wenzake kwenda kuchimba handaki, na saa za kwenda shambani zilikuwa chache mno. Yeye, binti wa miaka minane, aliachiwa mdogo wake amlee. Maziwa ya mama yalipungua, na chakula hakikuwapo. Siku moja alimbembeleza mtoto aliyekuwa akikohoa, naye mwenyewe kwa njaa na uchovu akapitiwa na usingizi. Alipoamka, mtoto alikuwa ameshakufa.

"Sheikh," alituambia, "mama hakunigombeza. Hakusema neno hata siku moja. Basi nikajua ni mimi niliyemuua."

Binti yake, aliyekuwa akitumiminia chai, aliliweka birika chini. Miaka yote hiyo hakupata kusikia kwamba alikuwa na mjomba.

Kisha mama akatuuliza swali ambalo hatukulitarajia. Baba yake alikuwa amepelekwa kizuizini katika kisiwa cha Manda, naye aliporudi hakuzungumza habari zake mpaka alipofariki. "Nyinyi ni watu wa pwani. Manda kuna maji ya kunywa?"

Wasomaji wetu wa Lamu wanalijua jibu. Tulimwambia kweli, kwamba visima vya Manda maji yake ni ya chumvi. Akatikisa kichwa, akasema, "Ndiyo maana alikuwa haachi maji kikombeni." Nasi tuliona haya. Manda, Takwa na Hola ni kwetu. Baba za watoto wale waliletwa mlangoni petu, na sisi hatujawahi kuwasimulia watoto wetu.

Kuhusu mtoto aliyefariki, tulimjibu kwa lile tulilofundishwa tangu chuoni. Tulimwambia, "Mama, kalamu imeinuliwa kwa mtoto mpaka abaleghe, na kwa aliyelala mpaka aamke. Wewe ulikuwa mtoto, na ulikuwa umelala. Hukuandikiwa kitu. Dhambi iko kwa waliomtoa mama yako kwa mtoto wake anyonyaye." Alilia sana. Binti yake akamshika mkono, nasi tukatoka nje tukawaacha.

Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake bungeni, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa madai ya Wakenya 5,228 walioteswa. Miongoni mwa waliofungua kesi hiyo alikuwamo Mama Jane Muthoni Mara, aliyekamatwa akiwa na umri wa miaka 15. Hiyo ni haki, ijapokuwa ilichelewa. Lakini mtoto aliyekufa kwa njaa mikononi mwa dada yake hakuwa na wa kumdai, na dada huyo hakuwa na wa kumwondolea hatia aliyojitwika.

Wapenzi wasomaji, mtoto asipoambiwa kisa cha msiba, hujitungia kisa chake, na mara nyingi hujifanya yeye ndiye mkosa. Hayo si ya Embu na Meru pekee. Katika nyumba zetu pia kuna vifo, talaka na safari ambazo hazitajwi mbele ya watoto, tukidhani tunawahifadhi. Tukae nao tuwaambie, kwa maneno yanayolingana na umri wao, kwamba si kosa lao. Na wazee wetu tuwaulize kwa upole wakiwa hai, tuwasikilize bila kuwakatiza. Ushahidi ni amana, na dini yetu imetukataza kuuficha.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na awape faraja walio hai. Amin.

Wabillahi tawfiq.