SPEA MBOVU NA MSHAHARA WA FUNDI



Twataka kusema juu ya jambo linalowasumbua mafundi wetu wa gereji na wa kazi za ujenzi, nalo ni hizi injini ndogo za pampu za maji na za mashine za zege. Injini imekufa, fundi ameifungua, tajiri anatazama vipande na kusema, "Rudisha hiyo hiyo, bado ina maisha." Baada ya siku kumi injini inapasuka, na mwisho wa mwezi fundi anakatwa mshahara. Hiyo si haki.

Hatusemi kila kitu kitupwe. Wako wenzetu ambao wakiona alama moja huagiza seti nzima, na hao ndio wanaowapa matajiri sababu ya kutuita wapotevu. Chukua Honda GX160, ambayo wengi twaijua. Ikikosa oili, konrodi yake, ambayo ni ya aluminiamu na haina beringi ya kubadilishwa, hushika krenki. Ukiitazama krenki utadhani imekwisha. Mara nyingi haijaisha. Aluminiamu iliyoganda juu yake huondolewa kwa kostiki soda, ambayo hula aluminiamu lakini chuma haikigusi. (Vaa glavu na miwani, wala usiifikishe kwenye bloki, maana bloki nayo ni aluminiamu!) Kisha pima kwa maikromita. Ikiwa mviringo wake u sawa na haina mikwaruzo, irudishe bila hofu.

Silinda yake ikiwa mpya ina kipenyo cha 68.00 mm, na kikomo ni 68.165 mm. Tofauti hiyo jicho haliwezi kuiona, liwe la fundi au la tajiri. Ikizidi hapo, ringi mpya ni pesa za bure.

Lakini konrodi iliyokwisha kushika, hapana, hata ukiisugua kwa msasa ikang'aa. Injini huzunguka kama mara 3,600 kwa dakika; konrodi ikikatika hutoboa bloki, na hapo bora ununue injini nyingine. Flaiwili yenye ufa ni mbaya zaidi, maana hiyo ni hatari ya roho. Ikipasuka vipande huruka, na aliye karibu ni yule anayevuta kamba, siye mwenye pampu.

Sasa sheria. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Makusudi! Fundi aliyesema kipande hakifai, akaamriwa akirudishe, makusudi yake yako wapi? Taabu ni ushahidi, kwa kuwa amri ya mdomo husahaulika upesi siku ya mshahara.

Kwa hiyo twataka kila gereji iwe na kadi ya kazi inayoonyesha kipimo, kipande kilichorudishwa, na jina la aliyeamuru, naye atie sahihi. Akikataa, andika kwamba amekataa, mbele ya mwenzako. Vipande vya zamani vifunge kwa waya pamoja na nambari ya kadi, uviweke.

Wale waliokwisha katwa kwa sababu hii walete hati zao za mshahara kwa mwakilishi wa tawi.