Pijo ya mzee si vyuma vikuukuu

Hebu niambie, ile Peugeot 504 iliyolala chini ya mwarobaini kule kwenu Wote au Mutomo, unajua bei yake? Na usinitajie bei uliyoona kwenye tangazo. Hiyo ni ndoto ya muuzaji. Mtu anaweza kuandika milioni mbili, na gari likae hapo mwaka mzima kuku wakitagia ndani.

Mwaka jana broka alifika kwa mjomba wangu, Kitui, akalitazama gari na kutaja bei ya kilo. Ya kilo, jameni! Mzee akakubali. Niliposikia, lori lilikuwa limeshaondoka.

Hizi Pijo zilikuwa zikiunganishwa papa hapa Mombasa, bana. Ove Andersson alishinda Safari Rally na 504 mwaka wa 1975. Na Ukambani ni pakavu, kutu haili bodi haraka kama kule Pwani. Kuna watu ng'ambo wanaotafuta bodi kama hizo kwa tochi.

Sasa, ukiingia eBay, achana na minada inayoendelea. Chuja ubaki na magari yaliyouzwa tayari, uone wanunuzi walifika wapi. Ila fanya haraka, matangazo hayo huondolewa baada ya muda. Bring a Trailer wao huacha kumbukumbu wazi, hata za magari ambayo dau la juu halikufikia kiwango cha mwenyewe. Mimi hizo ndizo huzipenda zaidi, kwa sababu zinakuonyesha wanunuzi waligoma wapi.

Usichukue bei ya Ufaransa ukaibandika Emali, lakini. Huko usukani uko kushoto, na kusafirisha gari kwa meli si nauli ya matatu. Angalau utajua broka anakudanganya kwa kiasi gani.

Kinachoniudhi ni kwamba sisi wenyewe hatuweki rekodi. Gari likiuzwa, tangazo linafutwa, na bei inabaki siri ya watu wawili. Mnada wa gazetini nao hukuambia siku na mahali, lakini nyundo ilipoangukia husikii. Ndiyo maana broka anajua kila kitu na mzee hajui lolote. Kwa hivyo ukiona tangazo la gari la zamani, lipige skrinshoti. Likiuzwa, muulize muuzaji alipewa ngapi. Wengine watakujibu.

Na ukienda ushago Desemba, piga picha nambari ya chesisi, kisha uitoe logbuku kwenye sanduku kabla mchwa hawajaifikia.