Imepokelewa, Haijachakatwa: Deni la Lugha katika Mifumo ya Kompyuta

Wahenga walinena kuwa ahadi ni deni. Methali hii hutajwa sana panapozungumziwa mahari, mikopo na siasa. Ni nadra kutajwa panapozungumziwa kompyuta. Hata hivyo, kila mara tovuti inapomwarifu mtumiaji kwamba picha aliyoituma “imekamilika”, ilhali kazi juu ya picha hiyo haijaanza, ahadi imetolewa na deni limewekwa. Makala haya yanashikilia kwamba deni hilo ni la lugha kabla ya kuwa la mitambo, kwamba Kiswahili kina nyenzo za kulilipa, na kwamba wenye nyenzo hizo, yaani wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, wamewaachia wengine kazi iliyo yao.

Ili suala hili lieleweke, yafaa kuanzia mahali panapojulikana. Wakazi wa Nakuru wenye umri wa makamo wanazikumbuka studio za picha za enzi ya filamu. Mteja aliketi mbele ya pazia, akapigwa picha, akapewa risiti yenye nambari, akaambiwa arudi Ijumaa. Filamu ilipelekwa katika chumba cha giza, ikaoshwa, ikakaushwa, na picha zikatolewa kwa zamu. Hakuna mteja aliyesimama kaunta siku tatu akisubiri. Aidha, hakuna mpiga picha aliyethubutu kumwambia mteja kuwa picha iko tayari ati kwa sababu kamera imelia. Kila mtu alijua kwamba kupigwa picha ni jambo moja na kupata picha ni jambo jingine. Risiti ndiyo iliyoyaunganisha mambo hayo mawili.

Programu nyingi za kisasa za tovuti hufanya kazi kama studio ile. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya kawaida yaweza kuwa na pikseli 4000 kwa 3000, yaani pikseli milioni 12. Ikishafunguliwa katika kumbukumbu ya seva, kila pikseli ikichukua baiti tatu, picha hiyo hujaza takriban megabaiti 36, hata kama faili iliyotumwa ilikuwa ya megabaiti tatu au nne tu. Seva hutakiwa kuipunguza, kuigeuza ikiwa ilipigwa simu ikiwa imelazwa, kuondoa maelezo ya mahali ilipopigwa, na pengine kuhakiki kwamba uso unaonekana. Iwapo kazi hizi zote zingefanywa huku mtumiaji akikodolea macho ukurasa, watumiaji mia moja tu wangetosha kuilemea seva, na mtandao ungekatika kabla jibu halijapatikana.

Kwa sababu hiyo, waunda programu huigawa kazi. Sehemu ya mbele huipokea picha, huihifadhi ilivyo, huandika tikiti na kuiweka kwenye foleni, kisha humjibu mtumiaji papo hapo. Nyuma yake kuna programu nyingine, inayofaa kuitwa kibarua, ambayo huchukua tikiti moja baada ya nyingine na kuitenda kazi. Kibarua akishindwa, hurudia mara kadhaa; akishindwa kabisa, tikiti huwekwa kando pamoja na maelezo ya kosa. Mpango huu ni wa busara na hauna budi kusifiwa. Dosari haiko katika foleni. Iko katika risiti: mtumiaji huambiwa nini kati ya dakika picha inapopokelewa na dakika kibarua anapoimaliza?

Chukua mfano wa mzazi anayeishi milimani huko Kuresoi, ambaye bintiye anaomba nafasi ya mafunzo kupitia tovuti. Analipa nauli hadi Molo, anaingia saiba, picha ya binti inapakiwa, na skrini inaandika kwa Kiingereza neno lenye maana ya “imefaulu”. Mwenye saiba anamtafsiria: “Mama, imeisha.” Mzazi anarudi nyumbani ameridhika. Usiku, kibarua anaifungua picha, anaiona haisomeki, anaikataa. Hakuna wa kumpasha mzazi habari hiyo, kwani kwake shughuli ilikwisha. Siku ya mwisho ya kupokea maombi inapita. Seva haikukosea kitu katika mfano huu. Ilitenda kila hatua kama ilivyoagizwa. Kilichomponza mzazi ni kitenzi kimoja kilichotumiwa mahali pa kitenzi kingine.

Hapa ndipo mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili anapopaswa kuinua kichwa. Viambishi vya njeo na hali, anavyovichora ubaoni tangu kidato cha kwanza, vinazitenganisha hatua hizi kwa wepesi ambao si kila lugha inao. Picha *inapakiwa*: tendo linaendelea, usifunge ukurasa. Picha *imepokelewa*: tendo la kupokea limetimia na athari yake ipo, picha iko mikononi mwa mfumo. Picha *haijachakatwa*: tendo bado, lakini linatarajiwa. Picha *inachakatwa*: kibarua ameishika. Picha *imeshachakatwa*: sasa ndiyo, waweza kwenda zako. Ama picha *haikuchakatwa*: zamu ilifika ikapita bila mafanikio. Na hatimaye, picha *haitachakatwa*: usisubiri tena, tuma nyingine.

Tofauti ya “haijachakatwa” na “haikuchakatwa” ndiyo kiini cha hoja hii. Kiambishi *-ja-* katika ukanushi hubeba matumaini ndani yake. Anayesema “mgeni hajafika” bado anamwekea mgeni chakula; anayesema “mgeni hakufika” amekwisha kufunika vyungu. Mtumiaji anayeambiwa “haijachakatwa” ana sababu ya kungoja; anayeambiwa “haikuchakatwa” ana sababu ya kutenda. Kwa herufi chache, lugha imempa mwananchi uamuzi wa kupanda matatu kwenda Molo tena au kubaki shambani. Mara nyingi, hata hivyo, jumbe zinazotafsiriwa kwa haraka huyaepuka madaraja haya na kukimbilia nomino nzito: “Upakiaji umefaulu”, “Hitilafu ya uchakataji”. Nomino hizo zina sura ya kitaalamu, ila hazimwambii mtu hitilafu hiyo ni ya jana iliyokwisha au ni ya sasa inayorekebishwa.

Fauka ya njeo, kuna kauli za vitenzi. Ujumbe usemao “picha haisomeki” umetumia kauli ya kutendeka, na lawama imeangukia picha yenyewe, na kwa hiyo mtumaji wake. Ujumbe usemao “picha haikusomwa” umetumia kauli ya kutendwa, na msikilizaji ana haki ya kuuliza: haikusomwa na nani? Ikiwa picha ni ya giza au imetiwa ukungu, “haisomeki” ni kweli tupu, na mtumaji ashauriwe apige nyingine penye mwanga. Ikiwa kumbukumbu ya seva ilijaa, kusema “haisomeki” ni kumsingizia mnyonge. Mhariri wa Kiswahili aliyezoea kuitambua hila hii katika hotuba za wahusika wa tamthilia hashindwi kuitambua kwenye skrini ya simu.

Suala la istilahi nalo halina budi kuguswa. Kazi inayofanyika bila mtumiaji kuiona imepewa katika baadhi ya simu jina la “chinichini”. Mzungumzaji wa Kiswahili akisikia kuwa jambo linafanywa chinichini, hufikiri njama, hongo na fitina. Wengine husema “usuli” au “mandharinyuma”, maneno yanayofaa kwa historia ya jambo au kwa mandhari iliyo nyuma ya picha, si kwa kazi inayotendeka. Ilhali umma umekwisha kujichagulia neno: mwanamuziki ambaye hajatoa albamu yake husema “iko jikoni”. Jikoni hapaonekani na mgeni aliyeketi sebuleni, lakini kila mgeni anajua kuwa panafanyika kazi halali kwa ajili yake, na harufu humfikia. “Picha yako iko jikoni” huenda lisikubalike katika barua rasmi ya serikali. Hata hivyo, ndilo pendekezo linalobeba maana yote mawili, ya kutoonekana na ya kutayarishwa, bila kumtia mtu shaka.

Huenda msomaji akaona kwamba haya ni mambo madogo ya kusumbukia. Historia ya karibuni ya Kenya inakanusha. Katika uchaguzi mkuu wa tarehe 8 Agosti 2017, vifaa vya tume ya uchaguzi vilitarajiwa kutuma kutoka vituo 40,883 tarakimu za kura za urais pamoja na picha ya Fomu 34A. Siku mbili kabla ya kura, tume ilitangaza kwamba vituo 11,155 havikuwa na mtandao wa kasi wa kutosha kutumia picha. Ikawa tarakimu, ambazo ni nyepesi, zilitangulia, na picha, ambazo ni nzito, zikafuata baadaye. Matokeo yalipotangazwa tarehe 11 Agosti, umma ulikuwa bado haujaziona picha za fomu za vituo vingi. Mahakamani, upande wa tume ulieleza kwamba zile tarakimu zilizotiririka kwenye skrini za televisheni zilikuwa takwimu tu, si matokeo. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais, na dosari za upeperushaji wa matokeo zilikuwa miongoni mwa sababu.

Si haki kudai kwamba nchi ilirudi kwenye debe kwa ajili ya kiambishi. Sababu zilikuwa nyingi, na za kisheria. Lakini ni bayana kwamba kwa siku kadhaa wananchi waliketi mbele ya tarakimu ambazo hawakuambiwa waziwazi ni za hatua gani: zimepokelewa? zimehakikiwa? zimelinganishwa na picha ya fomu? Mkazi wa Njoro aliyetazama runinga alisoma “matokeo”. Mwaka wa 2022, tume ilipoziweka picha zenyewe za fomu kutoka vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti ya umma, mkazi huyo huyo aliweza kuifungua fomu ya kituo chake na kuisoma. Kesi ilifika mahakamani mwaka huo pia, lakini picha zilikuwapo na kila upande ulizirejelea.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba Kiingereza kinatosha, kwa kuwa anayetumia tovuti amesoma. Wanasahau kuwa mtumiaji wa kweli, mara nyingi, ni yule mzazi aliyesimama nyuma ya kiti cha mwenye saiba. Wanasahau vilevile kuwa Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Katika Bonde la Ufa la kati, ambako Mkikuyu, Mkalenjin, Mkisii, Mluhya, Mjaluo na Mmaasai hukutana sokoni na stendi ya matatu, Kiswahili ndicho wanachokutania. Wengine watasema kwamba istilahi hazijakubaliwa. Kweli, lakini zitakubaliwa vipi bila kutumiwa? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwezi wa Desemba 2004, hakikungoja kila neno lipigiwe kura. Watafsiri waliketi na wanakompyuta, wakaamua, na mengine yakarekebishwa baadaye.

Kinachohitajika sasa si kamusi nyingine ya kuwekwa rafuni. Kwanza, idara za Kiswahili katika vyuo kama Egerton, Kabarak na Laikipia zishirikiane na idara za sayansi ya kompyuta, ili mwanafunzi anayeunda programu ya kupokea picha akae na mwanafunzi anayejua tofauti ya *-ja-* na *-ku-*. Pili, mafunzo ya tafsiri yajumuishe jumbe za mifumo, kwa sharti kwamba mtafsiri aelezwe kwanza kila ujumbe unatokea hatua gani ya kazi; hakuna awezaye kutafsiri neno la Kiingereza lenye maana ya “tayari” bila kujua ni nini kilicho tayari. Tatu, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, vinavyotumia makongamano mengi kuomboleza kudidimia kwa lugha, vitenge angalau kikao kimoja cha kuandika jumbe kumi za mfano na kuzijaribu kwa wauza viazi wa Molo na wahudumu wa saiba za Nakuru. Wakizielewa, zimefaulu, wasipozielewa, ziandikwe upya.

Mpiga picha wa zamani hakuwa na seva, lakini alijua kuandika risiti: jina, nambari, siku ya kurudi. Picha ikiungua katika chumba cha giza, alimwita mteja, akamweleza, akampiga nyingine bila malipo. Mashine za leo zina kasi kuliko chumba kile, na vibarua wake hawalali. Kilichobaki ni kuzifundisha kusema kweli kuhusu hatua zilizofikia, na viambishi vya kuzifundishia vimo katika daftari la kila mwanafunzi wa Kiswahili.